Funda la Maziwa

Sinema ya kwanza niliyoiona maishani niliiona nimesimama kando ya shuka, fimbo mkononi, nikiwaeleza watu wazima mambo waliyokuwa wakiyaona kwa macho yao wenyewe. Wajukuu wangu hunicheka nikiwaambia hivyo. Siku hizi wao huingia sinema pale mjini na karanga zao, hutoka wakibishana kama picha ilikuwa ya kuchekesha au ya kuhuzunisha, na hakuna wa kuwaelekeza. Mimi kuelekeza ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri mno. Ningeifanya vibaya kidogo ningekuwa mzee mwenye raha zaidi leo.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, mwaka ule ule vita vilipokuja kutukuta. Reli ilikuwa imefika Moshi na kukwamia hapo, kwa hiyo mtu wa kuja Arusha alishuka Moshi akafuata gari la ng'ombe. Mji wenyewe ulikuwa Boma, maduka machache ya Wahindi na Wagiriki, mfereji, na migomba mpaka mlimani. Nilikuwa mkalimani pale Boma. Wamisheni walikuwa wamenifundisha kusoma, wakanipa Kiswahili, na Kijerumani cha kutosha kujua ninapotukanwa. Kimaa nilikinyonya kwa mama, na Kimeru nilikiokota kwa majirani. Kijana wa miaka ishirini na ushee mwenye lugha nne kichwani hujiona amefika, nami nilijiona nimefika kweli kweli.

Kazi ya mkalimani ilikuwa na sharti moja, ambalo lazima nilieleze kwa sababu ndilo lililonivunjia nyumba. Bwana shauri wetu, yule Mdachi aliyetawala Boma, hakutaka kusikia neno "anasema". Mkalimani akisema, "Bwana shauri anasema anataka wapagazi," alikemewa palepale, kwamba amejiweka kando kama hayumo. Ilitakiwa useme, "Nataka wapagazi." Yeye akisema mimi, nawe useme mimi. Akipandisha sauti, upandishe. Wenzangu wawili wa zamani walikuwa na ujanja wao, walipunguza makali njiani, tusi likatoka kinywani mwa Mdachi likafika kwa wazee limekuwa onyo la kawaida. Mimi niliwadharau. Nilijivunia kwamba kwangu neno halipotei hata moja, na bwana shauri alinisifia kwa hilo mbele ya watu.

Basi siku moja wazee wa upande wa magharibi wa mlima waliitwa barazani kwa ajili ya kazi ya barabara. Baba yangu alikuwa miongoni mwao, ametembea kutoka Oldonyo Sambu, kwetu, tangu alfajiri ya jana yake. Yeye ni katika wale waliobeba mawe ya kujengea Boma lile nilipokuwa mtoto, na begani alikuwa na kovu. Watu walioletwa kufanya kazi walikuwa wachache, na bwana shauri alikasirika. Aliwaita wavivu, akawafananisha na kondoo wazee, akasema wasipoleta watu atawalaza chini wote na kuwachapa viboko hamsa ishirini, akanyoosha kidole kwa yule atakayeanza naye. Nikayageuza yote kwa Kimaa bila kuacha hata chembe. "Nitawalaza chini mmoja mmoja," nikasema, "na nitaanza na wewe mwenye mvi." Nikanyoosha kidole, kwa kuwa yeye alikuwa amenyoosha. Mwenye mvi alikuwa baba.

Hakuchapwa. Watu walipatikana na barabara ikatengenezwa. Lakini tangu siku ile baba hakunisemesha. Nilipokwenda nyumbani aliondoka kwenda kutazama ng'ombe, na nilipokaa mpaka jioni alikula kwa kaka yake. Mama alimwambia kila mara kwamba aliyesema si mtoto, ni Mdachi, mtoto alikuwa mdomo tu. Baba alimsikiliza, akajibu kwamba mdomo ule aliulisha yeye. Nami badala ya kuumia nilinuna. Nilijiambia kwamba mzee wa porini hawezi kuelewa kazi ya ofisi. Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo, naona haya kuuandika, maana ungeweza kwisha kwa neno moja la mtoto kwa baba yake.

Kilichonitikisa ni uchumba. Nilimpenda binti mmoja wa Kikwe, Mmeru, aliyebatizwa kama mimi, na watu wake hawakuwa na kipingamizi. Tulikwisha kutajiana mahari. Ila baba yake, mzee wa kanisa aliyekaa benchi la mbele kila Jumapili, aliniuliza kama baba yangu amenibariki. Nikajaribu kumwambia kwamba mchungaji ndiye atakayetubariki. Alitabasamu akasema mchungaji ana kazi yake na baba ana yake. "Nenda akutemee kwanza," akasema. "Binti yangu simpi mtu mkavu."

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze. Mate ya mzee kwetu si uchafu. Mtoto mchanga hutemewa, anayeanza safari hutemewa, na kijana anayeoa ndiye hasa. Mzee huchukua funda la maziwa, au la pombe ya asali, akalishika kinywani kidogo huku akikutazama, kisha humpulizia mwanawe kichwani na kifuani, akasema maneno yake, na waliopo wakaitikia. Kijana hubaki ameloa, asijifute. Hakuna anayekwenda kuanza nyumba bila hilo, na aliyekwenda bila hilo kila jambo baya likimpata, ng'ombe kufa au mke kukosa mtoto, watu hujua limetoka wapi.

Nilimtuma mtu kwa mama. Mama alikuwa mwanamke wa maneno machache na subira nyingi, akakaa na jambo lile miezi mitatu, akimpa baba kidogo kidogo kama anayemzoesha ndama maji. Mwisho likaja jibu. Baba alikuwa amesikia kwamba mjini kumefika mtu mwenye picha zinazotembea, na angependa kuziona kabla hajafa. Mama angekuja naye. Mama aliagiza nisiulize kitu, nisiseme kitu, nikae tayari tu. Nilielewa. Nililala usingizi mzuri wiki ile.

Mwenye picha alikuwa Mgiriki, mfupi, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha Tanga kilichovunjikavunjika. Alikuja na masanduku sita na kuomba Boma limpe mtu wa kueleza, kwa sababu picha zile hazikuwa na sauti na maandishi yake yalikuwa ya Kijerumani. Nikaazimwa mimi. Aliyafunga madirisha ya ghala la Mhindi mmoja kwa magunia na majani ya migomba, akatundika shuka, akawasha karabai ndani ya mashine, akawa anazungusha mpini kwa mkono. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya ngozi mbichi. Aliniambia nisieleze kama mtu aliye nje ya mambo, niseme kama mwenyewe. Nikamjibu kwamba hilo ndilo nilijualo kuliko yote.

Siku ya kwanza walitazama Wazungu, na mimi nilisimama nyuma kujifunza. Picha ilianza na maandishi. Yaliuliza kama maisha ni kitu cha kuchekwa au cha kuliliwa, yakamwomba mtazamaji atoe jibu mwishoni. Halafu akaja kijana wa kofia ya duara aliyempenda binti wa mzee mwenye ndevu. Alimletea mzee jibini kubwa la mviringo, mzee akalibingirisha mtaroni. Akaja na bata, bata akakimbia na soksi ya mzee. Akapanda ngazi kumsalimia binti dirishani, mzee akaitoa ngazi, kijana akaangukia pipa la unga. Mwisho alikuja akiwa na ua moja tu mkononi, mwenyewe amechoka, kofia imebonyea. Mzee akasimama mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu, akamtemea mate usoni, akafunga mlango. Kijana akafuta uso, akainua kofia kwa heshima, akaenda zake barabarani na mbwa mmoja nyuma yake. Maandishi yakarudi: tucheke au tulie? Wazungu walikuwa wakicheka tangu jibini, na kwenye mate walipigapiga sakafu kwa buti. Mke wa mmoja wao alitoa leso akafuta machozi ya kicheko. Nikajua basi mahali pa kuchekea, nikapaweka kichwani kwa mpangilio wake.

Kesho yake saa nane mchana ikawa zamu yetu. Ghala lilijaa watu mpaka wengine walikaa juu ya magunia ya maharage. Baba na mama walikuja na kukaa karibu na mlango. Baba alikuwa amevaa shuka lake jema, na mama alikuwa na kibuyu kidogo kilichosafishwa kwa moshi kama tunavyosafisha vibuyu vya maziwa. Nilikiona kibuyu. Nataka msomaji ajue kwamba nilikiona.

Swali la mwanzo lilinisumbua kuligeuza, nikasema mgeni anauliza kama sisi sote tuko harusini au msibani. Mzee mmoja akasema inategemea umefika saa ngapi. Picha ikaanza kutembea, na tangu hapo hakuna aliyecheka mahali palipotakiwa. Jibini lilipobingirishwa, mtu aliuliza kwa nini anatupa chakula. Kijana alipoanguka kwenye pipa, ghala zima likasema pole. Waliliambia shuka pole, watu wazima, kwa sauti ya upole kabisa, na mwanamke mmoja akasikitikia unga. Ila kijana alipoubusu mkono wa binti walicheka kwa sauti, wakauliza anaunusa au anauuma. Mgiriki aligeuza kichwa kunitazama kutoka kwenye mashine yake. Jasho lilinitoka. Nilihisi aibu, si kwa ajili yao, bali kwa ajili yangu, kwamba watu wangu wananiaibisha mbele ya mgeni. Niandike tu, ndivyo nilivyohisi.

Kisha mzee wa kwenye shuka akasimama mlangoni, akamtazama kijana, akamtemea mate. Halafu wazee wakaitikia kwa pamoja, "Naai," kama tunavyoitikia mzee anapobariki, na wanawake wakaguna kwa kuridhika. Kijana alipokwenda zake barabarani walielewana kwamba anakwenda kuwaambia ndugu zake waje na ng'ombe. Hata yule mbwa alionekana ni dalili nzuri. Maandishi yalipouliza tucheke au tulie, sikupata nafasi ya kuyasoma, watu walikwisha kusimama wakitoka wakiwa wamefurahi, na kwao picha ile ilikuwa imekwisha vizuri kabisa. Mgiriki alinishika mkono wa kanzu. Aliniuliza watu hawa wameona nini, nikamwambia. Hakukasirika, maskini. Aliinua mabega tu akasema ni hasara kwamba hawakuelewa. Neno lile lilinichoma. Nilimwambia nitawafuata nje niwaeleweshe.

Nilitoka mbio. Jua la nje baada ya giza lile lilinipofusha kidogo, na mtu wa kwanza kukutana naye chini ya ukuta alikuwa baba. Mama alikuwa kando yake anamimina maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu. Baba alinitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu, akanisemesha.

"Yule mzee wa kwenye shuka amefanya vizuri," akasema. "Alimfukuza sana yule kijana, lakini mwisho amembariki."

Akapokea kifuniko kutoka kwa mama, akanywa. Nilidhani ana kiu. Ametembea tangu jana, amekaa kwenye joto, na mimi masikio yangu bado yalikuwa yamejaa hasara ya Mgiriki, na ulimi wangu ulikuwa bado unasema kwa niaba ya shuka.

"Hapana, baba," nikamwambia, na nilitabasamu, nakumbuka nilitabasamu kama mwalimu. "Umeelewa vibaya. Kwetu mate ni tusi. Mtu akikutemea amekudharau mbele ya watu."

Nilisema kwetu. Nilikuwa nikisema kwetu tangu picha ianze, kwetu huku harusi ni hivi, kwetu huku kofia huinuliwa hivi, ndiyo kazi niliyopewa. Sikulisikia neno lenyewe likitoka. Baba alilisikia. Alisimama na mashavu yamejaa, akinitazama, na hakuwa na namna ya kunijibu kwa sababu kinywa chake hakikuwa na nafasi. Koo lake likapanda, likashuka. Akameza. Akamrudishia mama kifuniko, akafuta midomo kwa kiganja.

"Nimesikia," akasema.

Mama alikuwa ameziba kinywa kwa mkono. Mimi nilimuona, lakini kundi la wazee lilikuwa linaelekea sokoni na nilitaka kulifikia kabla halijatawanyika. Niliwaaga haraka. Nilizunguka mchana ule wote nikienda kundi kwa kundi, nikiwasahihisha watu, na kila niliyemsahihisha aliondoka na uso ulionyong'ea kidogo. Jioni nilirudi kwangu nikiwa na furaha kwa sababu baba amenisemesha. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Oldonyo Sambu na tumbaku na sukari. Baba hakuondoka safari hii. Alinipokea vizuri, vizuri kupita nilivyozoea, akanikalisha kwenye kigoda kilicho imara, akaniuliza habari za safari na afya ya mabwana wangu. Tuliongea juu ya ng'ombe, juu ya ukame wa upande ule wa mlima, juu ya ndama mwenye doa. Mama alileta maziwa. Baba akayapokea, akanikabidhi mimi, akaniambia ninywe. Nikanywa. Nikasubiri. Alikuwa ananitendea kama mgeni wa heshima, na ilinichukua muda mrefu mno kulitambua.

Mwishowe nilimwambia wazi kilichonileta. Nikamwambia nataka kuoa, na kwamba nimekuja anibariki. Baba hakuonesha hasira, na ningetoa ng'ombe wote aliokuwa nao ili aoneshe.

"Uliniambia mwenyewe kwamba kwenu mate ni tusi," akasema. "Mimi sitaki kukutukana. Siku ile Mungu amenisaidia, uliniambia kabla sijafanya kosa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa na kiu. Niligeuka kumtazama mama, naye alikuwa akitazama chini. Nikaanza kueleza. Nilieleza sana, nikasema ile kwetu haikuwa kwetu, nikamweleza kazi ya mkalimani ilivyo, kwamba bwana akisema mimi nawe unasema mimi, kwamba siku ile nilikuwa nasema kwa ajili ya Mgiriki wala hakuna lililotoka moyoni mwangu. Nilikuwa na lugha nne na nilizitumia zote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza mashauri ya majirani.

"Barazani ulinyoosha kidole," akasema, "mama yako akaniambia si wewe uliyesema. Nikakubali, ndiyo maana nilikuja mjini. Sasa ya kwenye ukuta nayo unaniambia si wewe. Basi wewe husema lini?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafuta jibu, na yapo mengi mazuri, lakini siku ile nilikaa na kifuniko cha maziwa mkononi. Ningepiga magoti. Ningesema, nasema sasa. Ningeweza hata kulia, kijana wa Boma, na nadhani angenitemea palepale, kwa sababu hakuwa mtu mgumu, alikuwa mtu aliyeumizwa mara mbili na mdomo mmoja. Badala yake niliona nimedhalilishwa. Nilisimama, nikamshukuru kwa maziwa, nikarudi mjini. Nilijiambia nitarudi baada ya mavuno, atakuwa amepoa.

Kule Kikwe nilimdanganya baba mkwe. Nilimwambia nimebarikiwa. Aliniuliza kwa maziwa au kwa pombe, nikasema kwa maziwa, na hilo angalau lilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Tukafunga ndoa kanisani. Baba hakuja, mama alikuja peke yake, akacheza na wanawake wenzake, na mtu asiyejua angedhani ana furaha. Mavuno hayajaingia, vita vikatangazwa. Wadachi walinichukua pamoja na jeshi lao, kwanza mpakani, baadaye kusini, mbali sana, kuwatafsiria kwa Kiswahili watu ambao lugha zao hata sikuzijua. Nitawalaza chini, nitawachapa, nataka wapagazi. Niliyasema hayo mpaka sauti ikanikauka.

Niliporudi Arusha bendera ilikuwa nyingine na mabwana walikuwa wengine. Mke wangu nilimkuta mzima, nashukuru. Ng'ombe wa nyumbani wengi walikuwa wamechukuliwa na majeshi, mara na huyu mara na yule. Baba alikuwa amekufa kabla mvua hazijaanza, kwa homa ile iliyoua watu wengi baada ya vita. Nilikwenda Oldonyo Sambu nikamkuta mama amekaa nje ya nyumba, amenyolewa, amevua shanga zake. Nikakaa kando yake. Nilitaka kuuliza jambo moja tu na niliogopa kuliuliza, mpaka mama mwenyewe akanionea huruma akalianza.

Akasema baba alipojua kwamba haponi aliomba maziwa. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyekuwa anakamuliwa. Aliwatemea watoto wa dada zangu, aliwatemea watoto wa jirani waliosimama mlangoni, akataka na ndama wa ng'ombe yule aletwe, akamtemea naye. Mama alimwambia bado mmoja, hayupo, lakini mzee anaweza kutemea upande aliko. Watu hufanya hivyo kwa walio safarini. Baba alifikiri, na mama akasema alifikiri kwa muda mrefu, kifuniko kikiwa mkononi.

"Akasema tukuache," mama akaniambia. "Akasema huko kwenu wana namna yao ya kubariki, na bila shaka wamekwisha kukubariki kwa hiyo. Hakutaka kukuharibia."

Ndama alikuwa amefungwa karibu nasi, ananenepa, na mama alikuwa anamkuna shingo. Kisha akaniuliza, kwa kutaka kujua kweli, maana alikuwa mtu wa kutaka kujua, huko wanabariki namna gani. Nikamwambia kwamba siku ya harusi mchungaji alituwekea mkono kichwani. Alisema aliona, alikuwapo, lakini alikaa nyuma. Akauliza kama mkono wenyewe ulikuwa na unyevu wowote, maji, mafuta, chochote.

Nikamwambia ulikuwa mkavu.

Mama alinitazama, midomo ikamcheza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akainama, akishika ubavu, mjane wa miezi michache, nami nikacheka naye kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya, na ndama akashtuka akavuta kamba. Tulipotulia, wote wawili nyuso zetu zilikuwa zimeloa, naye akafuta wake kwa ncha ya shuka. Wangu aliniambia nisiufute.